Kinyozi Hajinyoi

Katika lugha yetu mtu aweza kujifunza. Ni neno la kawaida kabisa; hata mtoto wa darasa la kwanza analielewa. Mtu aweza pia kujitegemea, kujiheshimu na kujidanganya. Lakini jaribu kusema "kujilea". Sarufi haitakukataza, maana kiambishi hicho cha ji hukubali kuingia karibu katika kila kitenzi. Ila sikio litakataa. Mtoto hulelewa. Mwari hulelewa na kungwi wake. Yatima naye, asiye na baba wala mama, hulelewa na shangazi au jirani, na asipopata wa kumlea tunasema amekua tu kama mti wa porini. Hatusemi amejilea.

Nimeanza na sarufi, ndugu msomaji, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa Kiswahili kabla ya kuwa mwalimu mkuu, na mazoea hayaishi kwa kustaafu. Jambo lenyewe, hata hivyo, si la sarufi. Miaka hii, hasa miongoni mwetu tuliostaafu, imeingia ari ya kusoma kile kinachoitwa malezi ya kiroho. Wapo wanaosoma kwa vitabu, wapo wanaohudhuria masomo ya jioni kanisani, na siku hizi wapo wanaosomea katika simu zao wakiwa wamekaa chini ya mkorosho, na mwisho wa masomo wanapata cheti chenye muhuri. Ukiwauliza wanasoma kwa nini, watakupa sababu mbili. Ya kwanza, wapate kukua wao wenyewe katika sala na mwenendo. Ya pili, wapate kuwahudumia wenzao wakiwa walei, yaani watu wasiovaa kola: kuzuru wagonjwa, kufundisha watoto wa kipaimara, kuongoza ibada pale padre asipofika. Sababu zote mbili ni njema. Swali langu ni kama hiyo ya kwanza yapatikana kwa kusoma peke yako. Na kama haipatikani, je, ile ya pili hubaki huduma, au hugeuka kuwa kitu kingine?

Sipendi nieleweke kwamba nadharau kusoma. Nimekula mkate wa kusoma maisha yangu yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulipokuwa katika chuo cha ualimu, tulijaza madaftari kwa habari za hatua za ukuaji wa mtoto, na mpaka leo naweza kuzitaja. Lakini hakuna aliyepewa cheti kwa ajili ya madaftari hayo. Ilitubidi kwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za vijijini, na siku usiyoitazamia mkufunzi aliingia darasani, akaketi dawati la nyuma kabisa pamoja na watoto, magoti yakigonga mbao, akafungua daftari lake. Alitazama andalio la somo, kisha akamtazama mwalimu mwanafunzi. Baadaye, chini ya mti, alimweleza mambo ambayo mtu hawezi kuyajua juu yake mwenyewe: kwamba anaongea na ubao badala ya watoto, kwamba anawauliza wavulana wa mbele tu, kwamba akibanwa na swali hupandisha sauti. Kitabu cha saikolojia hakiwezi kumwambia mtu kuwa hupandisha sauti. Huenda kikamweleza kwa ufasaha mkubwa madhara ya kupandisha sauti, naye akakubali kila neno, akapiga mstari chini yake, na asijue kuwa ni yeye anayesemwa.

Sisi watu wa Masasi na Newala tuna sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili, kwa maana Ukristo ulipofika kwetu ulikuta malezi yapo tayari. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akikusudia kuelekea Ziwa Nyasa, na safari ikaishia chini ya majabali ya Masasi. Mwaka 1882 Wangoni, ambao wazee wetu waliwaita Magwangwara, waliivamia misheni ile, na Padre Chauncy Maples akapanda juu kwenye uwanda, akaanza upya Newala kwa Mwenye Matola. Chini Masasi na juu Newala, wamisionari walikuta Wayao, Wamakua na Wamakonde wenye jando na unyago, na wasiohitaji kuambiwa kwamba mtu hafanywi kuwa mtu kwa kuzaliwa tu.

Tazama jinsi jando lilivyokuwa. Mvulana alitolewa mikononi mwa mama yake. Hakujiendea. Alikabidhiwa kwa mtu maalumu wa kumwangalia, akapita kwa ngariba, akakaa kumbini, ambako kwetu huitwa likumbi, akafundishwa kwa nyimbo, kwa mafumbo na kwa fimbo. Hakuweza kutoka kwa hiari yake wala kujitangaza kuwa amepona. Wengine ndio walioamua kwamba sasa anafaa kurudi, na aliporudi alirudi na jina jipya alilopewa. Hakuna mvulana aliyepata kujitahiri mwenyewe huko porini, akaja kijijini akasema, nimekuwa mtu mzima, niheshimuni.

Sisemi kwamba yote yaliyotendeka likumbini yalikuwa mema. Kulikuwa na vipigo, kulikuwa na vitisho visivyo na maana, na kisu kimoja kilitumika kwa wengi. Ndiyo sababu wamisionari wengi walitaka mambo hayo yafutwe. Vincent Lucas, aliyefika Masasi mwaka 1909 na kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926 hadi 1944, aliona vingine. Kuanzia miaka ya 1910 yeye na makasisi na walimu wa Kiafrika walishauriana wakaanzisha jando la Kikristo: likumbi likabaki, wasimamizi wakabaki, wari wakakaa porini kama kawaida, lakini sala zikachukua nafasi ya matambiko na padre akawa mlangoni. Kwa upande wa wasichana haikuwa rahisi hivyo. Unyago ulikuwa mikononi mwa wanawake, na wanawake wetu hawakuwa na haraka ya kumfungulia askofu siri zao. Nawaheshimu kwa hilo, ingawa si hoja yangu leo.

Lucas amesifiwa na amelaumiwa. Wapo waliosema alitia maji divai ya Injili, wapo waliosema aliiba mila za watu akazivika joho. Mimi namshukuru kwa jambo moja: alitambua kuwa malezi si orodha ya masomo. Masomo ya jando unaweza kuyaandika katika kurasa kumi. Kinachofanya kazi ni kwamba kuna mtu aliyekabidhiwa kwako na wewe umekabidhiwa kwake, na ya kuwa mambo yako yanajulikana na mtu asiyekuogopa.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kijiji katika siku za misheni, si mbali na Newala. Siku hizo neno mwalimu lilibeba kazi mbili pasipo kuzitenganisha. Asubuhi aligonga rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, watoto wakaja kusoma a, e, i, o, u. Jioni aliigonga tena, watu wazima wakaja kusali. Jumapili aliongoza ibada, isipokuwa misa ambayo ilimngoja padre. Yeye ndiye aliyewafundisha wasikilizaji na wakatekumeni, yeye ndiye aliyeitwa usiku mtu akikata roho. Elimu yake, kwa kipimo cha leo, ilikuwa ndogo. Kijana wa kidato cha pili angemshinda katika hesabu. Vitabu vyake vilijaa katika kisanduku kimoja kidogo.

Lakini kila baada ya wiki kadhaa padre alikuja kwa baiskeli. Baada ya ibada na chakula, wawili hao waliketi nje machweo na daftari katikati yao. Nani amezaliwa, nani amefariki, nani haonekani tena kanisani, nani ameongeza mke, nani anagombana na nani juu ya shamba. Mwisho padre alifunga daftari na kuuliza, "Na wewe je, mwalimu?" Hapo sisi watoto tulifukuzwa. Sikupata kujua baba alijibu nini. Najua tu kwamba swali liliulizwa kila safari, kwa miaka, na kwamba baba alilisubiri, maana siku padre alipocheleweshwa na mvua alikuwa haishi kuchungulia njia.

Halafu ikaja sheria ya elimu ya mwaka 1969, na shule za misheni zikawa za umma. Mimi mwenyewe nimekuwa mtumishi wa shule hizo, na nasema pasipo kusita kwamba uamuzi ule ulikuwa wa haki. Mtoto wa Kiislamu wa Newala hakupaswa kuulizwa dini ndipo apewe dawati. Hata hivyo, pasipo mtu yeyote kukusudia, kazi mbili za mwalimu zilitenganishwa. Mwalimu wa shule akawa na mkaguzi wa elimu wa kumfuata. Mwalimu wa kanisa, ambaye sasa alikuwa mkulima wa korosho anayejitolea, akabaki na nani? Padre alikuwa na makanisa mengi kuliko siku zake za juma. Kile kikao cha machweo kilikufa polepole, na hakuna aliyekizika kwa heshima.

Pengo hilo ndilo ambalo masomo yalikuja kuliziba, na mengine yaliziba vizuri. Mpango wa kusomea theolojia nyumbani, bila kuhamia chuoni, ulioanzia Guatemala mwaka 1963, ulifika Afrika Mashariki na kuwafaa wakulima na makarani wengi. Wakatoliki, majirani zetu wa Ndanda, walipata hati ya Mtaguso juu ya utume wa walei mwaka 1965, na kisha maaskofu wao wa kanda hii katika mikutano ya 1973 na 1976 wakaweka mkazo juu ya jumuiya ndogo ndogo. Nawaonea wivu kidogo. Jumuiya ya nyumba kumi na tano, wanaokutana kila juma na kujuana kwa majina na kwa madeni, ni shule ambayo simu haiwezi kuwa.

Sasa nieleze kisa kilichonifanya nishike kalamu. Katika kanisa letu alikuwapo mzee mmoja, mstaafu wa idara ya serikali, mtu mpole, mwaminifu wa fedha na msomaji hodari. Alisoma malezi ya kiroho kwa miaka miwili kwa njia ya simu. Alijifunza kufunga, kukaa kimya mbele za Mungu, kuandika shajara ya sala, kuichunguza nafsi jioni. Nami nilimwona akibadilika. Hasira aliyokuwa nayo zamani ilipungua kweli. Mkewe alisema hivyo, na wake ndio wakaguzi wetu wasiohongeka. Alipomaliza akaanza kuzuru wagonjwa.

Miongoni mwao alikuwapo binti wa jirani, mwenye kifafa tangu utotoni, anayetumia vidonge vya hospitali. Mzee alikwenda kusali naye jioni nyingi. Kwa majuma kadhaa binti hakuanguka. Ndipo mzee akamwambia, kwa upole wake uleule, kwamba kuendelea kumeza vidonge ni sawa na kumwambia Mungu kuwa humwamini. Binti akaviacha siku ileile. Wahudumu wote wa afya wanajua kinachofuata mtu anapokatiza dawa za kifafa ghafla: ugonjwa hurudi kwa nguvu kuliko kwanza. Aliangukia mafiga akiwa peke yake jikoni. Leo vidole vitatu vya mkono wa kuume havikunjuki.

Mzee alikuja kwangu usiku. Hakuketi mpaka nilipomsihi.

"Mwalimu," akasema, "nilisali. Hapana mtu awezaye kusema sikusali."

"Hapana, ndugu yangu."

"Na nilipomwambia yale maneno nilikuwa na amani moyoni. Tulifundishwa kuwa ukiona amani, hiyo ni ishara."

"Ulimwuliza nani kabla ya kumwambia?"

"Nilimwuliza Mungu."

"Na baada ya Mungu?"

Akanyamaza. Kisha akasema neno ambalo limekaa nami tangu siku ile: "Mwalimu, sikuwa na mtu."

Amani ile ilikuwa ya kweli. Siamini hata kidogo kwamba aliisingizia. Na hilo ndilo linalonitisha. Mwovu anayetumia dini kujinufaisha twaweza kumtambua, angalau baada ya muda, maana faida yake huonekana. Lakini mtu mwema ambaye ameusoma moyo wake kwa bidii, akaupenda ulivyotulia, atautambuaje utulivu unaotoka kwa Mungu na ule unaotoka katika kujiridhisha? Chombo anachopimia ndicho kile kile kinachopaswa kupimwa. Muuza korosho hawezi kupewa mizani yake mwenyewe aithibitishe; ndiyo maana wapo wakaguzi wa vipimo, na wakulima wetu hawangekubali pungufu ya hapo. Kwa nini tukubali katika jambo la roho?

Wazee wa zamani wa Kanisa walilijua hili. Ignasi wa Loyola, yule Mhispania wa karne ya 16, aliandika kitabu cha mazoezi ya kiroho ambacho Papa alikiidhinisha mwaka 1548, na kozi nyingi za siku hizi huchota kwake hata pasipo kumtaja. Lakini kitabu kile, kwa sehemu kubwa, hakimsemeshi anayefanya mazoezi. Kinamsemesha yule anayemwongoza. Kilitazamia watu wawili. Tumechukua mazoezi tukamwacha mtu wa pili, kwa kuwa mazoezi yanaingia katika simu na yeye haingii.

Uamsho nao, ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki, uliutafuta ukaguzi huo kwa njia nyingine. Wao waliungama mbele ya ndugu waziwazi. Sisi tuliolelewa katika mapokeo ya Unguja tulimwendea padre faraghani. Nimeishi na kufanya kazi na watu wa pande zote mbili na sioni sababu ya kujitapa. Faragha ya padre iligeuka desturi ya Pasaka na Krismasi, orodha ileile ya dhambi kama hati ya mahudhurio. Na mkutano wa ndugu nao uligeuka baraza, mtu akajifunza kuungama yale ambayo imezoeleka kuyaungama na kuyaficha yale yanayouma. Hakuna utaratibu usioweza kuoza. Hata hivyo pande zote mbili zilishika msingi mmoja ambao mithali yetu inausema kwa kifupi: kinyozi hajinyoi. Na tuangalie, mithali haisemi kuwa kinyozi hajui kazi. Anaijua, pengine kuliko wote mjini. Ila kisogo chake hakioni.

Yapo mapingamizi, na lililo zito zaidi lililetwa na mwalimu mwenzangu mstaafu anayeijua historia ya hapa kuniliko. Aliniuliza, "Je, vita ya 1914?" Alimaanisha hivi: vita ilipozuka, wamisionari wa Kiingereza walikamatwa na Wajerumani na kuwekwa kizuizini, na kwa miaka hiyo Kanisa la Masasi lilishikwa na makasisi wachache wa Kiafrika pamoja na walimu, watu kama baba yangu au baba zao. Hapakuwa na askofu wa kuwakagua. Palikuwa na njaa, majeshi yakipita, watu wakichukuliwa kubeba mizigo. Na Kanisa halikufa. Hata kabla ya hapo, Padre Cecil Majaliwa, mtumwa aliyekombolewa na kupewa ukasisi huko Unguja mwaka 1890 akiwa Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, alikuwa amelijenga kanisa la Chitangali bila Mzungu kukaa naye. Basi, akasema rafiki yangu, Roho huvuma apendapo, na hizi kamati zenu za kukagua ni woga wa wazee.

Nililifikiri pingamizi hilo siku nyingi, na jibu langu ni kwamba wale watu walitengwa na Wazungu, hawakutengwa na wenzao. Mwalimu wa mwaka 1915 aliishi kijiji kimoja na watu aliowafundisha. Alilima nao, akafa njaa nao. Mke wake alikuwa miongoni mwa wake zao, wakiteremka pamoja mabondeni usiku kuchota maji, kwa sababu juu ya uwanda hapakuwa na maji wakati ule, na mwanamke aliyetembea mwendo ule na wenzake hana siri ya nyumba iliyobaki. Kama mwalimu alisema neno la kipumbavu kwa mgonjwa, lilifika kisimani kabla hajalala. Walimu wenyewe walitembeleana, wengi wakiwa wamesoma darasa moja Kiungani au Masasi, na waliitana majina ya utani ya shuleni. Huo ni ukaguzi mkali kuliko wangu.

Yule mzee wetu alisoma na mwalimu aliye katika nchi nyingine ambaye hakujua kama mwanafunzi wake ni mrefu au mfupi. Shajara yake ilisomwa na yeye mwenyewe. Mitihani ilimwuliza kama anajua maana ya unyenyekevu, naye alijua.

Nimesita kama nitaje Shakahola, maana si haki kuweka kosa la mtu mwema karibu na jinai kubwa. Lakini sote tulisikia habari zile mwaka 2023, kutoka kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu wanaosemekana walifundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie alifikishwa mahakamani, na hukumu si kazi yangu. Ninachoshika ni hiki: walioingia msitu ule wengi walikuwa watu waliotaka kukua kiroho. Kufunga ni jambo jema. Kujitenga na ulimwengu ni jambo jema kwa kipimo. Hakuna aliyekuwa katika nafasi ya kumwuliza mhubiri, kwa sauti ya kawaida, "Na wewe je?"

Baada ya ajali ya yule binti wazee wa kanisa tulikaa na padre. Tulikubaliana kwamba wanaozuru wagonjwa waende wawili wawili, kwamba kila Alhamisi wakutane kueleza walikokwenda na walichosema, na kwamba muuguzi wa zahanati, ambaye ni Mwislamu na alikubali kwa furaha, aalikwe mara moja kwa mwezi kutueleza dawa zipi haziguswi. Kiongozi wa akina mama alisimama akauliza, "Baba padre, na wewe mwalimu, sasa tutaandika barua kuomba kupeleka uji?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini aliigusa hoja. Uji hauhitaji kibali wala cheti. Kumfulia mgonjwa, kumshika mkono, kusali Baba Yetu kitandani pake, hayo ni ya kila mbatizwa, na ole wake atakayeyafungia katika kozi. Hatari inaanzia pale ninapomwambia mwenzangu kile Mungu anachomtaka afanye. Kati ya uji na neno lile pana mpaka, na mpaka ule hauonekani na mtu anayevuka akiwa peke yake, hasa akiwa na moyo uliojaa upendo.

Yule mzee aliomba kuacha kusoma, akidhani vitabu ndivyo vilivyomponza. Nilimkatalia. Nilimwambia asome, tena asome zaidi, kwa sababu mtu asiyejua historia ya sala hudhani kila kinachompata ni kipya. Ila shajara yake aisome mbele ya mtu. Alitahayari kama kijana. Mtu wa miaka sitini na nane, aliyewahi kuwa na watumishi chini yake, kufungua daftari lake mbele ya mwingine! Ilimchukua miezi mitatu kukubali, na mtu aliyemchagua hakuwa mimi wala padre, bali mama mmoja mjane ambaye hakuvuka darasa la saba na ambaye, asema mwenyewe, humsikiliza huku akipepeta mchele. Sijui wanazungumza nini. Kwa wazazi wa binti hajaruhusiwa kuingia, na sidhani yuko mtu mwenye haki ya kuwashinikiza wamruhusu. Binti mwenyewe amejifunza kushika jembe kwa mkono wa kushoto. Vidonge anavimeza kila siku, saa mbili za usiku, na mama yake humsimamia.

Kuna swali ambalo kijana mmoja wa kwaya aliniuliza na sikuweza kumpa jibu kamili: anayemkagua padre ni nani? Na askofu? Kwa kanuni majibu yapo, lakini kijana hakuuliza kanuni. Aliuliza yuko nani awezaye kumwambia padre kwamba hupandisha sauti. Nilimwambia amwulize padre mwenyewe. Sidhani kama amemwuliza bado.

Kwa upande wangu, kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa na mtu. Alikuwa padre mstaafu, mkubwa wangu kwa umri, tuliyekutana naye mara moja kila mwezi, mara nyingi pale Newala kwenye ukingo wa Shimo la Mungu, ambako unaliona bonde lote la Ruvuma na hakuna atakayekusikia. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kusifu. Alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu hapo nasoma sana, na nasali, na nina amani, na ninajua sasa nisiitegemee amani hiyo kwa muda mrefu. Katika parishi yetu padre aliyepo ana miaka thelathini na mmoja. Nilimfundisha darasa la nne; nilimsahihishia mwandiko, na herufi g bado anaiandika kwa namna niliyomkataza. Nimemtumia ujumbe kuuliza kama ana nafasi Ijumaa. Amenijibu, "Shikamoo Mwalimu. Karibu sana. Ni jambo la kanisa?" Nimemwandikia kwamba si la kanisa.